Droni Ilipotua kwa Wajomba

Mume wangu ndiye aliyenunua droni, lakini macho yalikuwa yangu. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi mjini Kasongo miaka yote ile: yeye anashika rimoti na kuinamia simu, mimi nasimama ubavuni kwake na kuangalia juu. Mwenye kushika rimoti haoni anga. Anaona kile tu ambacho kamera inakiona, na kamera haina habari na mti ulio nyuma yake. Kwa hiyo kelele zilikuwa kazi yangu. "Mti!" "Waya!" "Iko inarudi nyuma, simamisha!" Naye alijibu neno moja, "Nimesikia," bila kuinua kichwa, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusikia.

Tuligombana kwenye harusi za watu. Bibi harusi anatolewa nje kwa vigelegele, wageni wanasukumana, na sisi wawili tumenuniana kwenye kona kwa sababu ya mpapai ambao mimi niliuona na yeye hakuuona. Mara nyingine nilitamani kumpiga kwa kofia yake mwenyewe. Lakini picha zilitoka nzuri, na jioni tulizitazama pamoja kwenye kompyuta, tukila mihogo na karanga, tukiwacheka wageni waliokuwa wakichezacheza bila kujua kwamba kuna jicho juu yao.

Homa ilimwanza akiwa bado anacheka, na kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimefunga kitambaa cheusi kichwani. Kaka zangu waliniambia niuze vile vyombo. Nilikataa, kwanza kwa ubishi, maana mimi nikiambiwa fanya, mikono inakufa ganzi. Kisha nilikataa kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika ambacho yeye alikuwa amekishika kila siku. Nilijifunza rimoti peke yangu kwenye uwanja nyuma ya shule, asubuhi, kabla watoto hawajaja kunicheka. Nilijua baada ya muda. Watu wakaanza kuniita tena kwenye harusi na kwenye mikutano ya makanisa.

Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu wa kuangalia juu. Nilifikiri kumchukua mtu, nikajaribu mmoja, binti wa jirani, akawa anaangalia watu badala ya anga. Nikamrudisha. Nikawa narusha peke yangu, jicho moja kwenye simu na jingine likiiba anga kila nilipopata nafasi. Nikirudi nyumbani, kimya. Ilifika mahali nachaji batri zilizokwisha kujaa, ili nisikie tu ule mlio mdogo wa chaja mezani. Sipendi kusema hivi, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Sasa niseme jambo la ukweni, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Mimi ni mtoto wa mji, wa nyumba ya Waislamu wauza duka. Kwetu mtu akifa, habari inatangazwa msikitini, anazikwa siku hiyo hiyo, na aliyesikia amesikia. Mume wangu alikuwa Mkristo, mtoto wa wakulima wa upande wa Kabambare, na kwao kifo kina njia yake. Lazima mtu wa nyumba ya marehemu atoke, afike kwa wajomba, yaani ndugu wa mama yake, aketi chini na kusema kwa kinywa chake mwenyewe. Simu haihesabiwi. Uvumi hauhesabiwi. Mpaka neno lifike hivyo, wajomba hawalii, hata kama wanajua.

Niliyajua yote hayo. Nilituma habari kwa simu kwa mtu wa Lusangi, karibu na wajomba hao, nikamwomba awafikishie, nikajiambia imetosha. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa wataniuliza kwa nini sikumpeleka hospitali siku ile ya kwanza ya homa, swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza kila asubuhi. Barabara pia ilikuwa mbaya, lakini barabara ya kule ni mbaya siku zote na watu wanapita. Miezi ikapita, ikawa miaka, na kila ilivyozidi kupita ndivyo nilivyozidi kuona aibu kwenda.

Ndipo nikaitwa na chama cha wakulima wa mpunga, ng'ambo ya Lusangi. Walitaka picha za mashamba yao kutoka juu, pamoja na wanachama wenyewe wamesimama, wapate kuonyesha kazi yao kwa wanaowasaidia mbegu. Waliniita mimi kwa sababu mume wangu alikuwa mtoto wa huko. Kitongoji cha wajomba zake kilikuwa ng'ambo ya kijito tu, nyumba chache zilizozungukwa na migomba na msitu. Nilipokubali ile kazi nilijidanganya kwamba nikimaliza nitavuka kijito niende. Nadhani pia nilijua kwamba nikimaliza nitapanda pikipiki nirudi zangu.

Mume wangu hata siku moja hakuwahi kurusha droni kwao. Niliwahi kumsihi, tulipokwenda kusalimia, akakataa kabisa. "Kule watu wakisikia kitu juu, hawangoji kukiona," alisema. Mimi nilidhani anaona haya tu mbele ya wajomba zake, mtu mzima kucheza na kitu kama kile. Nilimtania njia nzima.

Nilipelekwa na dereva wa pikipiki aliyezoea kubeba wachimbaji wa Salamabila, naye aliendesha kana kwamba mimi pia nilikuwa nakimbilia dhahabu. Tulifika mchana, mgongo ukiniuma. Wanachama walikuwa wamejipanga kando ya mashamba kwa vitenge vyao vizuri, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kuwa meusi. Prezida wa chama, mzee mnene mwenye sauti ya kanisani, alikuwa akiangalia mawingu yale kama mtu aliyetukanwa.

"Mama, mvua iko inakuja," aliniambia. "Rusha sasa. Watu wamevaa, wasiloane bure."

Nilisimama uani kwa shule ya pale, chini ya miti mikubwa, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli na nilihitaji kivuli ili nione kioo cha simu. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Droni inahitaji kuona setelaiti za kutosha kabla ya kuruka. Ikiziona, inajua imesimama wapi, na inapaandika mahali hapo kuwa ndipo nyumbani, ili siku mawasiliano yakikatika irudi yenyewe. Chini ya ile miti ilikuwa inaona chache. Simu iliniambia ningoje. Sikungoja. Watu walikuwa wamevaa, mvua ilikuwa inakuja, na mimi sipendi kuambiwa ngoja.

Ilipanda vizuri mpaka juu ya miti. Huko ikakutana na upepo wa mvua. Droni isiyoona setelaiti haijui kusimama mahali pamoja. Upepo ukija, inakwenda na upepo. Mimi nilikuwa naangalia kioo, naona majani, naona maji, nikadhani ni maji ya mashamba ya mpunga. Kumbe ilikuwa imevuka kijito. Simu ikasema kwa Kifaransa, kwa sauti yake ile ya mwanamke asiye na shida, kwamba mahali pa kurudi pameandikwa. Nikasema vizuri, sasa imetulia. Sikuinua kichwa kutazama imetulia juu ya nini.

Niliirudisha juu ya mashamba nikapiga picha za wanachama. Walipunga mikono, wengine wakaimba. Halafu kioo kikaganda. Picha ikawa ya kijivu, kisha ikapotea kabisa. Nilisukuma vijiti vya rimoti, nikazima simu nikaiwasha tena, nikanyanyua rimoti juu ya kichwa kama mtu anayetafuta mtandao. Juu, droni ilisimama kidogo, ikapanda zaidi, ikageuka, ikaanza kwenda zake. Niliita, "Njoo huku!" kama vile ni mbuzi. Ilivuka kijito bila haraka, ikafika juu ya ile migomba ya wajomba, ikaanza kushuka.

Kisha tulisikia kelele za watu, kuku, na chombo cha bati kikianguka. Kelele zikaenda upande wa msitu, zikapungua, zikaisha.

Wanachama wakaacha kuimba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Watu wa sehemu zile wamekwisha kukimbia vita mara nyingi, na wanajua sauti ya watu wanaokimbia. Upande huu wa kijito wote walikuwa wameambiwa kwamba kuna mama atakuja na kandege ka picha. Upande ule, hakuna aliyeambiwa. Mimi nilidhani prezida amewaambia, na prezida alidhani mimi nitawaambia, kwa kuwa ni wakwe zangu.

Prezida alinivuta kando, na sauti yake ya kanisani ikawa ndogo. "Mama, usiseme kitu. Vuka, chukua kitu yako, weka mu mufuko, uende. Ukisema iko yako watakufunga, watasema uko mupelelezi. Watarudi wenyewe."

"Lini?"

"Siku watachoka na pori."

Nilivuka kijito peke yangu. Kitongoji kilikuwa tupu. Milango ilikuwa wazi, kandambili moja ndogo imebaki katikati ya uwanja, na sufuria ya maharagwe ilikuwa inachemka juu ya mafiga bila mtu. Droni ilikuwa imekaa kwenye mkeka, katikati ya mihogo iliyoanikwa, nzima kabisa, taa zake zinametameta. Niliizima. Niliangalia simu, na kwenye ramani ile alama ya nyumbani haikuwa uani kwa shule. Ilikuwa hapa, kwenye uwanja wa wajomba, mahali ilipokuwa inapepea, juu sana, mlio wake umemezwa na upepo, pale ilipoona setelaiti za kutosha kwa mara ya kwanza. Haikuwa imeharibika. Ilifanya sawasawa ilivyofundishwa, ikarudi mahali ambapo mimi niliiacha ipaandike.

Niliitia mfukoni. Nilikuwa nayo sasa, na hakuna aliyeniona. Ningepanda pikipiki, na kesho ningekuwa Kasongo. Matone ya kwanza ya mvua yalianza kupiga kwenye majani ya migomba, na mle msituni kulikuwa na wazee na watoto wachanga ambao wangenyeshewa kwa sababu yangu, na hakuna hata mmoja ambaye angethubutu kurudi kuja kuchukua hata nguo. Pia kulikuwa na askari Lusangi. Wakisikia kwamba watu wamekimbia, wangekuja na bunduki kutafuta adui ambaye hayupo. Nilichukia kila mtu kwa wakati ule, prezida, mawingu, na mume wangu pia kwa kuniachia vile vyombo. Nikaipua ile sufuria ya maharagwe isiungue, nikaingiza mihogo ndani, nikavuka tena kijito kumtafuta kapita, mkuu wa kijiji.

Kapita alikuwa kwake, karibu na njia kuu, tayari amevaa koti lake na kofia, maana habari ilikuwa imeshamfikia kwamba kuna avio, yaani ndege, imeangusha kitu. Nilitoa droni nikaiweka chini mbele yake.

"Iko yangu, baba," nilisema. "Haikuangusha kitu. Ilikuwa inapiga picha za mupunga, ikanitoka mu mikono."

Aliiangalia, kisha akaniangalia mimi. Sikuona hasira usoni mwake. "Ikaa. Sema yote, toka mwanzo. Hapana ruka hata kidogo."

Nilisema yote: miti, setelaiti, upepo, ile sauti ya simu, kioo kilichoganda. Alinikatiza mara kwa mara, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua kusikiliza kesi. Ilikuwa inaruka juu kiasi gani? Iko na kitu ya kulipuka ndani? Ilienda yenyewe ao uliipeleka?

"Ilienda yenyewe, baba. Lakini ni mimi niliirusha kabla haijakuwa tayari."

"Na watu wa ng'ambo uliwaambia?"

"Hapana."

Alimtuma mwanawe mkubwa kwa baiskeli aende kuwaeleza askari, maneno yale yale niliyoyasema, akamfanya ayarudie kabla hajaondoka. Kisha akachukua fimbo yake, nikairudisha droni mfukoni, tukavuka kijito sisi wawili mpaka mwisho wa migomba, pale msitu unapoanza. Mvua ilikuwa imeshachanganya. Kapita aliita kwa Kibangubangu, kisha kwa Kiswahili, kwamba hakuna vita, kwamba ile kitu ilikuwa ya picha tu na mwenyewe yuko hapa.

Halafu sauti ya mzee ikajibu, karibu kuliko nilivyotegemea. "Kapita, tunakusikia. Lakini hata kapita anaweza kuita na bunduki iko mu mugongo. Mwenye kitu aseme yeye. Aseme iko mutu wa nani."

Kapita alinigeukia. "Hawatatoka kwa maneno mazuri, mama. Watu wabaya pia wanajua kusema maneno mazuri. Waambie uko wa nani."

Sauti yangu, ambayo zamani ilisikika mpaka mwisho wa harusi, ilitoka nyembamba. "Niko muke wa mutoto wa dada yenu! Ule fundi wa picha, wa Kasongo!"

Mvua ilipiga majani. Nilisikia mtoto akianza kulia mle ndani na mkono ukimziba mdomo. Kisha ile sauti ya mzee ikarudi, polepole.

"Bwana yako iko wapi? Mbona haiti yeye?"

Nilimwangalia kapita. Alikuwa ameangalia chini, anachora udongo kwa ncha ya fimbo. "Wanajua, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Toka zamani wanajua. Wanangoja kinywa chako."

Nilisimama pale na maji yananishuka usoni. Tangu azikwe sikuwahi kulisema lile neno. Nilikuwa nikisema hayupo, nikisema ametuacha, nikisema tangu nilipobaki mwenyewe. Kwenye harusi watu wakiniuliza fundi yuko wapi, nilisema leo nimekuja mimi. Sasa kulikuwa na wazee na watoto wamechutama matopeni, na hawatatoka mpaka niseme.

"Alikufa!" niliita. "Alikufa Kasongo na homa! Nilimuzika kule kule! Sikukuja kuwaambia, wajomba, niliogopa. Leo ndio nimekuja!"

Mwanamke mmoja akapiga yowe, juu, refu, yowe la msiba, na mwingine akalipokea, na mwingine upande wa kushoto ambako sikujua kama kuna mtu. Watu ambao dakika hiyo walikuwa wanaziba watoto midomo walikuwa sasa wanalia wao wenyewe kwa nguvu zao zote, na msitu mzima ukawa na watu. Walitoka hivyo, wanalia, mikono juu ya vichwa, nguo zimewaganda mwilini, wanamwita mume wangu kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Mjomba mkubwa alikuja akishikiliwa kwapani. Alipita mbele ya kapita bila kumsalimia, akaja mpaka kwangu.

"Tulikungoja," alisema. "Machozi iko, tuliiweka. Tungelia namna gani kama wewe hujafika?"

Mke wake alinishika uso kwa mikono miwili yenye matope, akaniangalia kama mtu anayetafuta jeraha.

"Wewe ulilia na nani, mutoto wangu?"

"Hakuna mutu, mama," nilimwambia. "Sikulia."

Alinikalisha palepale chini, kwenye maji, akakaa nami, akaita wanawake wengine waje, wakaketi wakinizunguka mpaka nikawa siwezi kuona chochote isipokuwa mabega yao. Nililia kama sijawahi kulia. Nililia mpaka sauti ikakatika, na wao waliendelea kwa niaba yangu, na nikipata nguvu nilirudi tena katikati yao. Droni ilikuwa bado mfukoni, imelowa, na hakuna aliyeuliza habari yake mpaka asubuhi.